Wino Mwekundu kwenye Barua ya Mama

Mikumi,
Jumamosi mchana.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Najua barua huanza kwa kuulizana hali, lakini nikianza hivyo nitapata mahali pa kujificha, na jambo hili nitalirudisha sandukuni kama nilivyofanya tangu mwezi wa pili. Kwa hiyo naanza nalo. Barua yako ya kwanza, ile uliyoiandika kwa mkono wako ulipomaliza darasa la watu wazima, niliisahihisha. Niliisahihisha kwa wino mwekundu kama daftari la mtoto wa darasa la pili, na chini yake nikaandika nne juu ya kumi. Sijamwambia mtu yeyote, hata Tabu ambaye kitanda chake kimegusana na changu.

Unakumbuka nilivyokujibu. Niliandika, "Mama, siku nyingine mpe Mjomba Yonathani aipitie kabla hujaituma." Nilidhani nakusaidia. Tangu hapo barua zote anaandika Mjomba. Mwandiko wake ni mzuri, mistari imenyooka, na kila mara madhumuni ya barua ni kunifahamisha kwamba huko wote ni wazima. Nazisoma mara mbili mbili nikikutafuta humo ndani. Sikuoni.

Sasa nikuulize. Mgongo wako unaendeleaje? Je, ukungu bado unashuka asubuhi mpaka mtu hauoni mlango wa jirani? Bibi amekubali kuvaa ile miwani ya hospitali, au bado anasema inamzeesha? Mimi ni mzima wa mwili, ila joto la huku halinizoei. Nikiamka huwa natulia kwanza kitandani nikingoja kusikia unavyovunja kuni. Halafu nakumbuka kwamba kati yetu kuna treni ya Kilosa, na baada ya treni kuna siku nzima ya basi la kupanda mlima.

Mama, nitakueleza jinsi nilivyopata ile kalamu nyekundu. Shule yetu inafundisha watu wazima katika kijiji cha ujamaa kilicho jirani. Wenzangu walipewa hesabu na afya. Mwalimu Mgaya, anayetufundisha Kiswahili, alinipa sarufi, kwa sababu mimi ndiye ninayeonekana na kitabu kila saa. Alinikabidhi boksi la chaki na kalamu hiyo. Nilikuwa nayo siku mbili tu barua yako ilipofika, na nilikuwa nikijiona mwalimu kamili.

Darasa ni ghala la mahindi. Saa tisa alasiri watu wanakuja kutoka shamba la pamoja, mikono bado ina udongo, wanakaa juu ya magunia. Siku ya kwanza walikuwa kumi na tisa. Nilisema "Shikamooni," wakaitikia "Marahaba" kwa sauti moja, nikaogopa hadi chaki ikanivunjikia mkononi. Nikachora jedwali la ngeli ubaoni, nikawaambia wanakili. Wengine walisinzia. Nikiuliza swali wao wanatazama paa, nami natazama chaki.

Aliyejitahidi kuliko wote ni Mzee Komba, Mngoni aliyekuja zamani kukata mkonge akabaki huku huku. Wiki ya pili aliandika sentensi sita. Nilipiga alama kubwa ya kosa mbele ya tano, pale pale, wenzake wakiangalia. Aligeuza daftari huku na huku.

"Mwalimu, hivi ni vitu gani?"

"Ni makosa, babu."

"Mimi naona misalaba mitano. Nimezikwa mara tano?"

Hakuna aliyecheka. Alifunga daftari, akalitia kwapani. "Mlangoni unaniamkia shikamoo," alisema, "nikiingia ndani unanichapa." Akatoka.

Kesho yake walikuja kumi na mmoja, siku iliyofuata sita, halafu akaja Mama Tulia peke yake, naye alifuata kanga yake aliyoisahau. Mwalimu Mgaya hakunigombeza. Alisema tu kwamba wiki itakapokwisha bila watu, darasa litafungwa. Ingekuwa aibu yangu peke yangu ningevumilia. Lakini Mama Tulia, akikung'uta vumbi kwenye kanga, aliniambia kwa nini Mzee Komba alijiandikisha. Ana dada yake Songea, miaka mingi hawajaonana, na barua zake zote huandikiwa na katibu wa kijiji. "Sasa mtu atasema nini na dada yake, katibu amekaa hapo na kalamu?" alisema. Nikamkumbuka Mjomba Yonathani.

Nilikwenda shambani kumwomba Mzee Komba radhi. Niliwakuta wanapukuchua mahindi, nikasimama nyuma ya magunia kwa haya zangu unazozijua. Mama Tulia ni Mhehe, na alikuwa amemkalia kooni.

"Wewe Mngoni, acha kutafuna! Hayo mahindi ni ya kijiji."

"Nyamaza, Mhehe. Babu yangu alimkimbiza babu yako mpaka akasahau njia ya kwao."

"Alikuwa anakimbia harufu yenu!"

Watu waliangua kicheko, mmoja akamwaga ungo. Mama, hawa ndio wale waliokuwa wakitazama paa. Maneno yaliwatoka kama maji, wanadakana, wanakatizana, hakuna anayetafuta neno. Mama Tulia aliponiona akacheka zaidi. "Usiogope, mwanangu. Huyu ni mtani wangu. Siku ya msiba wa mkewe nilimnyang'anya kiti, nikamwambia sikirudishi mpaka acheze. Akacheza huku analia."

"Na kumsahihisha?" niliuliza. "Akiandika vibaya?"

"Mimi nimsahihishe Mngoni? Mtoto wee, hiyo kwangu ni sikukuu!"

Nilimpigia Mzee Komba magoti, nikasema nilichokuja kusema. Aliniangalia, akaendelea kupukuchua. "Nitakuja kesho," alisema, "nione huyu Mhehe anajua nini."

Kesho yake nilifuta jedwali. Nilisema kila mtu aandike ubaoni mstari mmoja wa kumtania mtani wake, na mtani huyo ndiye atakayetafuta makosa kabla ya kujibu. Mtu mwingine haruhusiwi. Mzee Komba aliandika kwamba Wahehe wanaogopa tembo kuliko mama mkwe. Mama Tulia akainuka, akakagua neno kwa neno kama anayetafuta chawa kichwani, akapata kosa moja, akapiga kigelegele kilichowatoa watoto nje ya nyumba zao.

"Futa hapo, Mngoni! Ng'ombe mlipoteza, sasa na herufi pia?"

Mzee alifuta kwa mkono wa shati, machozi ya kicheko yakimtoka, akaandika upya. Mzaramo tuliye naye mmoja alipata Wasukuma wawili wa kupambana nao, hakupumua. Mimi nilijisahau, nikanyoosha kidole kuonyesha kosa jingine. Mzee Komba akanigeukia.

"Wewe kabila gani?"

"Mkaguru, babu."

"Mkaguru si mtani wangu. Kaa."

Nikakaa. Wiki hiyo ilikwisha tukiwa ishirini na wanne. Na sasa jedwali wanalidai wenyewe. "Mwalimu, lete ile miraba yako," Msukuma mmoja aliniambia, "huyu Mzaramo kesho lazima nimkamate."

Nikiwa nimekaa pale juu ya gunia niliwaza kuhusu nyumbani. Bibi ni mtani wangu. Namcheka meno yake naye ananicheka miguu yangu, tunalala tumekumbatiana. Lakini wewe si mtani wangu, Mama. Wewe siwezi hata kukutaja kwa jina.

Jioni ile niliitoa barua yako sandukuni. Kuna mstari uliandika, "Nyumba anavuja, kitanda yako nimeisogeza asilowane." Mstari huo mmoja niliupiga wino mara nne. Nilihesabu makosa yote, nisione kwamba mvua ilinyesha, mtoto hayupo, nawe na mgongo wako huo ukaburuta kitanda chake kisilowe. Mjomba angeniandikia kwamba nyumba inahitaji matengenezo. Nataka kujua umekisogeza upande gani. Ni karibu na dirisha, au karibu na kitanda chako?

Jana Mzee Komba alinipa bahasha niipeleke posta, ameifunga kwa gundi ya ugali. Nilimuuliza kama angependa niipitie kwanza. Alicheka. "Hapana, mjukuu wangu. Makosa yangu dada yangu anayajua tangu utotoni. Akiyakosa atasema si mimi."

Nisalimie Baba, mwambie shikamoo yake ipo hapa. Nisalimie Bibi, mtani wangu, mwambie avae miwani ajione alivyozeeka. Mjomba Yonathani mpe shukrani kwa kila barua. Hana kosa lolote. Mdogo wangu Zakaria asiwape mbuzi majina ya walimu wake. Mama mkubwa wa Rudewa akija, mwambie kikapu chake bado ninacho.

Leo asubuhi nilikwenda posta. Bahasha ya Mzee Komba niliitumbukiza bila kuifungua. Nikanunua stempu mbili. Moja nimeibandika kwenye barua hii. Ya pili nimeibandika kwenye bahasha tupu, nikaandika jina langu na anwani ya shule, nikaikunja na kuitia humu pamoja na karatasi mbili na penseli fupi. Kisha nilimrudishia Mwalimu Mgaya kalamu nyekundu. Aliniuliza kama imekwisha wino, nikamwambia hapana.

Mwanao,
Damari