Darubini Niliyomchagulia Mjomba

Mpendwa mshauri,

Hii ni mara ya nne naandika barua hii, tatu nimezichana, na hii nikiichana sina karatasi nyingine, kwa hiyo naomba unipokee hivi hivi nilivyo. Nimemaliza shule mwaka huu, nasubiri matokeo, naishi kwa mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ni mwindaji mwenye kibali, na kibali chake ni cha swala madume tu. Wenzake wanamwita Ngoja Kwanza, kwa sababu hainui bunduki mpaka aangalie kwa darubini na azione pembe, na asipoziona anasema "ngoja kwanza", na akishasema hivyo hata umsukume hapigi. Sijawahi kuona mtu mwenye subira kama ile, anaweza kulala kifudifudi juu ya mwamba saa nzima bila kujikuna, na siku tukirudi mikono mitupu anapiga mluzi njia nzima kana kwamba tumebeba nyama.

Darubini yake ya zamani iliingia maji ikashika ukungu ndani, akaniambia, "Wewe ndiye uliyesoma mambo ya lenzi, nenda ukachague, mimi kazi yangu kuangalia tu." Nilifurahi mpaka chakula hakikupita. Dukani muuzaji alipanga tatu mezani, ya kukuza mara nane, ya mara kumi na ya mara kumi na mbili, akaniuliza, "Ni ya nani?" na mimi, mshauri, mtu nisiyemjua akiniuliza kitu ulimi unakuwa mzito, nikaona nikisema ni ya mjomba ataniuliza mjomba ana umri gani, anaangalia nini, anavaa miwani au havai, nikasema, "Yangu." Akaitazama mikono yangu akasema, "Kwa mikono iliyotulia hivyo chukua hii kubwa, utaona mpaka kope za ndege." Nikachukua ya mara kumi na mbili, sikuomba hata kuitoa nje niijaribu, na mjomba alipoifungua aliipakata kama mtoto mchanga akasema, "Hii ndiyo faida ya shule."

Tangu siku hiyo tumetoka mara sita na hajapiga hata mmoja. Jumamosi iliyopita swala alisimama ng'ambo ya bonde, jua limeshachomoza, mjomba akaangalia, akaangalia, na fundi baiskeli, rafiki yake tunayetoka naye, akanong'ona, "Ngoja Kwanza, tungoje mpaka lini? Huyo atazeekea mbele yetu."

Mjomba akasema, "Mwache azeeke. Pembe sijaziona."

"Basi macho yako yanataka spana."

Mjomba akacheka, lakini akaiweka bunduki chini na kunipa darubini. Nikaangalia, na swala alikuwa bado yupo, pembe zote mbili ziko wazi kabisa. Ndipo nilipokumbuka jinsi darubini ilivyokuwa ikicheza mikononi mwake, maana siku hizi mikono inamtetemeka kidogo, hata kikombe cha chai anakijaza nusu, na kumbe kinachokuza swala mara kumi na mbili kinakuza na mtetemeko vilevile. Nikamrudishia darubini bila kumwambia nilichokiona. Njiani hakupiga mluzi. Akasema, "Msimu huu ukiisha narudisha kibali. Mtu lazima ajue zamu yake imekwisha."

Duka linakubali kubadilisha ndani ya mwezi mmoja, na zimebaki siku nane. Nimefikiria kuibadilisha kimyakimya nimwambie ilikuwa mbovu, maana nikisema ukweli nitakuwa nimemwambia usoni kwamba mikono yake imezeeka, na huyo ndiye mtu ninayemheshimu kuliko wote. Nifanyeje?

Mpwa wa Mwindaji

MSHAURI ANAJIBU

Mpwa, umefanya vizuri kutoichana hii ya nne. Sasa kaa nikugombeze kidogo, halafu tutapatana.

Kuchukua namba kubwa si kosa la kukunyima usingizi, wengi wamefanya hivyo. Kosa lako ni lile neno moja, "yangu". Na sasa unataka kuliongezea la pili, "ilikuwa mbovu". Acha.

Unaogopa kumwambia kwamba mikono inamtetemeka. Mwanangu, mtu anayejaza kikombe nusu anaijua mikono yake kuliko wewe. Asichokijua ni kwamba darubini ndiyo isiyomfaa. Anaamini mpwa wake aliyesoma amemletea iliyo bora kuliko zote, kwa hiyo pembe zisipoonekana anajihukumu yeye. Kibali hakirudishwi na mikono yake. Kinarudishwa na kimya chako.

Na mtazame vizuri huyo mzee. Ana bunduki mkononi, rafiki anamchokoza sikioni, amekosa mara sita mfululizo, na bado hapigi asichokiona. Vijana wenye mikono kama chuma wangekuwa wameshafyatua. Mwindaji wa namna hiyo haachwi aondoke kwa sababu ya darubini iliyochaguliwa kwa kuona haya.

Nimemuuliza askari wa wanyamapori ambaye darubini haimtoki shingoni. Alicheka, akasema yeye mwenyewe anatumia ya mara nane, yenye lenzi za mbele za milimita arobaini na mbili. Picha inatulia, unaona eneo pana, na alfajiri mwanga unatosha. Kama mjomba anavaa miwani, aikunje ile mipira ya kuwekea macho. Na akae chini, viwiko juu ya magoti.

Kesho asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, mwambie: "Mjomba, nilikosea dukani. Nilisema darubini ni yangu, nikapewa inayonifaa mimi." Usitaje mikono. Akitaka kuitaja, ataitaja mwenyewe. Kisha mwende nyote wawili na boksi lake. Msijaribu chini ya taa za duka. Tokeni mlangoni, mchague kibao kilicho mbali kabisa mwisho wa barabara, naye ashike moja baada ya nyingine bila kuegemea kitu. Itakayomsomea herufi ndogo kabisa ndiyo mnayorudi nayo, hata kama muuzaji ataguna.

Na muuzaji akiuliza ni ya nani, jibu wewe, kwa sauti, kabla mjomba hajafungua mdomo.