Jumamosi za Mama

Kwako dada Kaluki,

Pokea salamu zangu kutoka hapa Syokimau, wewe na shemeji na watoto. Natumaini baridi ya Eldoret haijawashinda na kwamba yule mdogo amepona kikohozi. Huku tuna afya, ila moyo wangu hauna raha, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningekasirika. Unanijua.

Unakumbuka tulikubaliana kwamba mama ahamie kwangu mwezi ujao. Ni mimi niliyekushawishi, kwa zile namba za saa niliyomvisha mkononi, ile inayopima mapigo ya moyo na wasiwasi na kuyatuma kwenye simu yangu. Nilizitazama kazini, nikazitazama kwenye treni. Mapigo yakipanda, nampigia kumuuliza kama amekwenda kulima matuta tena. Akikana, namwambia saa haidanganyi. Kila Jumamosi nikifika nyumbani Kola nilianzia jikoni: nafunua sufuria ya muthokoi wake wa mahindi na maharagwe, naonja chumvi, nahesabu vidonge vya presha, kisha namsomea mashtaka. Nilimwonya kwamba hali ikiendelea hivyo nitafunga nyumba na kumchukua. Nami nilijiona mwana mwema kuliko wote pale kijijini.

Lakini namba zilizidi kuharibika, nikaanza kutafuta mchawi. Kwanza nilimshuku jirani yetu Muli, kwa sababu ya mbuzi wake wanaoingia shambani kwetu, nikamwendea kwa maneno makali. Halafu nikalaumu majani ya chai. Halafu nikawageukia wanajumuiya wanaokuja kusali, eti wanamchosha kwa nyimbo. Wote hao niliwakosea.

Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki mjini Machakos. Daktari, mama mmoja mpole aitwaye Ndila, alipitia simu yangu, kisha akauliza Jumamosi huwa kuna nini nyumbani. Alisema siku nyingine moyo wa mama hupanda akishika jembe na kushuka akipumzika, kama wa mtu yeyote, ila Jumamosi hupanda tangu asubuhi na haushuki mpaka jioni. Mama akajibu kwa fahari kwamba Jumamosi mwanawe huja kumwona, na kwamba si wazazi wengi walio na bahati hiyo. Daktari akaniomba nisubiri nje.

Aliponiita ndani alikuwa ameshampima presha, nayo ilikuwa nzuri. Akampima tena nikiwa nimekaa kando yake. Ilipanda. Mama akacheka na kusema mashine yenyewe ni mbovu. Alikuwa ananitetea, Kaluki.

Nilijiambia daktari amekosea. Basi Jumamosi iliyopita nikafanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Sikwenda nyumbani, wala sikumwarifu mama kwamba siendi. Nilikaa hapa na simu mkononi, nikamtazama. Wakati ambao gari langu huingia uani, moyo wake ulikuwa ukienda mbio kana kwamba anafukuzwa. Ukaendelea hivyo mchana kutwa. Jua lilipoanza kushuka, alipojua kwamba sasa siji tena, ukatulia. Nililia, dada. Mama aliyenibeba mgongoni akienda kuchota maji alipumzika kwa sababu sikufika.

Sasa nakuomba upange safari, ufike Kola kabla ya Jumamosi. Mwambie hahamishwi, si mwezi ujao wala mwaka ujao. Atakaa palepale kwenye matuta yake, karibu na kaburi la baba, mpaka atakapotaka mwenyewe kuondoka. Mimi nikimwambia hataamini, ataniitikia vizuri tu kama anavyoniitikia siku zote. Ile saa mvue akitaka, daktari anasema vidonge vyatosha. Mimi nimeshaifuta kwenye simu yangu. Muli nitamwomba radhi mwenyewe, hilo usinisaidie.

Mkishazungumza, muulize kwa upole kama ninaweza kuja nyumbani. Jibu lake nipe lilivyo, usilipake sukari.

Msalimie sana shemeji Henry, na watoto waambie mjomba anawakumbuka. Mungu akutangulie njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Mwendwa