Simu ya Mama Mkwe Tukiwa Kibondo

Dada Yudita,

Mwakeye! Tuko Kibondo, mvua imetuzuia tukirudi Kasulu kutoka Mwanza. Leo ni siku ya tatu tangu daktari anipandikizie mbegu. Maabara walizisafisha mbegu za mume wangu, wakachagua zenye nguvu, wakazipitisha kwa mpira mwembamba hadi ndani ya mji wa mimba. Zilikuwa dakika chache tu, wala sikuumia sana. Kinachoniumiza ni kusubiri. Hata nikipiga chafya naogopa. Nitapima baada ya wiki mbili, na daktari alisema huenda tukarudia.

Mchana tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na dagaa kwa mama ntilie, mama mkwe akapiga simu. Akamuuliza Eliasi kama madaktari wameliona tatizo langu. Nilimsikia vizuri, unajua anavyopaza sauti. Eliasi akaweka tonge chini.

"Mama, mwenye tatizo ni mimi," akasema. "Mbegu zangu ni chache. Mke wangu hana kasoro, na yule binti uliyenitafutia sitamwoa."

Simu ikakatika. Nikaishika mikono ya Eliasi hapohapo mbele za watu.

Miaka saba nimeibeba lawama ile, dada. Sasa sijui mama mkwe atatupokeaje kesho, wala majibu yatakuwaje. Ila usiku wa leo siogopi peke yangu. Utuombee, na umbebe kitinda mimba wako kwa niaba yangu mpaka nifike.

Mdogo wako,
Anjelina