Hakuwahi Kukonda Hivi

Blandina, ngoja nikusimulie.

Unalikumbuka lile bango la dawa ya kisukari nililolibuni? Picha ya yule mama niliinunua mtandaoni, anacheka. Nikamkondesha kwa kompyuta, nikampa uso wa mgonjwa.

Leo kaingia mzee mmoja hapa ofisini, mtaa wa Gerezani. Kasema, "Binti, yule wa kwenye bango ni mke wangu. Tumemzika Machi."

Nikamwambia picha nimeilipia. Akanijibu taratibu, "Hakuwahi kukonda hivi."

Hakuwahi kukonda hivi, Blandina.

Nikafungua masharti ya leseni ya ile picha, mara ya kwanza kuyasoma. Kukata kingo za picha na kubadili rangi kunaruhusiwa. Kumfanya mtu aonekane mgonjwa hakuruhusiwi kabisa.

Nikamwomba radhi, nikamchapishia picha halisi, ile anayocheka. Kaiangalia sana, halafu kaniuliza kama naweza kumvika mkewe pale pichani mtandio wake wa kijani.

Nimeogopa hata kugusa kompyuta.