Sufuri Niliyompa Tomi

Jumamosi, 2 Agosti
Vitabu kumi na viwili nimemaliza. Cha kumi na tatu nimekisomea jikoni nikichambua sukuma wiki. Kurasa zimepata maji. Samahani, kitabu.

Maktaba ilitaka wanafunzi wawili wakae na watu wazima watatu, wachague vitabu vitano vya watoto vitakavyoshindania tuzo. Nakala tunabaki nazo. Mwalimu wa Kiswahili alipeleka jina langu. Aliwaambia ninasoma sana. Hakuwaambia siongei.

Cha kumi na tatu kinaitwa *Sahani ya Tomi*. Mbwa anapotea. Msichana anamwekea chakula kila jioni. Mbwa harudi. Ukurasa wa mwisho msichana anaosha sahani, anaiweka kabatini. Basi.

Nimelia. Mama akauliza kama ni kitunguu. Hakukuwa na kitunguu.

Jumanne, 5 Agosti
Kujaza fomu. Safu tatu: picha, lugha, funzo. Kila safu alama kumi.

Picha za Tomi, kumi. Lugha, kumi. Funzo nimetafuta siku mbili. Tangu darasa la kwanza kila hadithi inaisha na swali hilo, tumejifunza nini? Tumejifunza kufunga mbwa? Nimeandika sufuri. Niliona huo ndio ukweli.

Jumamosi, 9 Agosti
Najichukia.

Madam Rose, mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alijumlisha alama ubaoni. Tomi ni wa sita. Amekosa nafasi kwa alama mbili. Wengine wote walimtafutia kafunzo, wakampa tatu, nne. Sufuri ni moja tu. Yangu. Na alama hazibadilishwi.

Mzee Kamau mwenye duka la vitabu akasema, "Mzazi ataniuliza hiki kinafunza nini. Nimwambie nini sasa, ati mbwa alipotea?" Wakacheka.

Nikacheka pia. Mimi!

Kuna njia moja. Jumamosi ijayo kila mtu anaweza kurudisha kitabu kimoja mezani, lakini lazima asimame akitetee. Kisha kura. Madam Rose akaniangalia. Nikaangalia viatu vyangu.

Tukitoka, Kibet, yule mwanafunzi mwingine, bingwa wa midahalo, akaniambia, "Nafula, hata redio ikiishiwa betri hukwaruza kidogo."

Jumatano, 13 Agosti
Mvua ya mawe. Sijatoka.

Niandike tu, hapa hakuna mtu.

Februari Mama alijifungua. Mtoto aliishi siku moja. Aliitwa Imani. Watu wa kanisa wakajaa kwetu, kila mtu na funzo lake. Mungu huchuma maua mazuri kwanza. Mungu anakujaribu, mama, simama imara. Mama akasema asante, akawamiminia chai. Walipoenda akaosha vikombe vyote. Kisha akaviosha tena.

Tangu siku hiyo jina hilo halitajwi kwetu. Hata mimi silitaji.

Ndiyo maana nilimlilia Tomi. Na mimi ndiye niliyempa sufuri.

Nimefanya mazoezi ya kumtetea bafuni, bomba likiwa wazi wasinisikie. Kwa Kiingereza naweza, inakuwa kama mambo ya mtu mwingine. Kwa Kiswahili inakuwa yangu, sauti inakatika.

Jumamosi, 16 Agosti
Nilisimama.

Nilianza na Kiingereza changu cha bafuni. Sentensi mbili, zikaisha. Nikabaki nimeshika kiti. Halafu Kiswahili kikatoka chenyewe. Nikasema mtoto wa Mama alikufa, na watu walituletea mafunzo mpaka nyumba ikajaa. Hakuna aliyekuja akakaa tu. Hiki kitabu kinakaa tu na wewe.

Nikakaa. Kibet hakufanya mzaha. Alikuwa anachora kwenye daftari, kichwa chini.

Kura. Mkono wangu. Na mkono wa Mzee Kamau! Wawili. Kibet aliuangalia mkono wake, akauacha mezani. Yeye, mkutubi na Madam Rose wakakataa. Kimeanguka.

"Pole, Nafula," Madam Rose akasema. "Fomu yangu haikuwa na safu ya hayo."

Pole haikiingizi kitabu kwenye orodha.

Nilirudi kwa miguu. Karibu na stendi ya bodaboda ndipo nikakumbuka. Nimewaambia watu mambo ya Mama. Sikumwomba ruhusa.

Jumapili, 17 Agosti
Nimemwambia, tukimenya viazi. Kisu chake kikasimama.

"Umewaambia watu baki?"

"Ndiyo, Mama."

"Na jina?"

"Jina sikutaja."

Akamenya viazi vitatu. Nilitamani anipigie kelele.

"Hicho kitabu kilipita?"

"Hakikupita."

Akanawa mikono, akaniomba nimletee. Akaingia nacho chumbani. Viazi vilivyobaki nimemenya mimi. Hakutoka kula.

Jumatano, 20 Agosti
Baridi. Uji wa wimbi.

Kitabu kimerudi kwenye meza yangu. Mama amekijalidi kwa karatasi ya khaki, vile hujalidi vitabu vyangu kila shule ikifunguliwa, kona zimekunjwa vizuri. Juu amepiga mistari kwa rula. Kwenye mstari wa jina ameandika Imani. Wa darasa ameuacha wazi.

Nimelisoma hilo jina kwa sauti, mara moja. Jikoni mwiko wa Mama ukaacha kukoroga.

Kisha ukaendelea.