Damu kwa Kadi ya Shemeji

Machi 4

Mdogo wangu,

Hujambo? Huko kazi mpya inakwendaje? Sisi wazima, ila uzima wangu ni wa kusimama tu. Moyo hautulii.

Jana imekuja bahasha ya benki ya damu, ya shemeji yako. Nimeifungua, ndiyo, usinisute. Ile damu aliyotoa kiwandani Januari wameikuta na kaswende. Aende arudie kipimo. Namuuliza, anajibu, "Subiri kidogo, mke wangu." Nisubiri nini? Miaka tisa ya ndoa! Mimi nimeshapima, majibu Jumatatu. Wewe ulikuwa naye kwenye mashine moja kabla hujahama. Niambie ukweli, ana mwanamke? Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Dada yako

Machi 15

We mtoto,

Salamu ni zilezile, sina nguvu ya kuzirudia. Mbona kimya? Majibu yangu safi. Nilidhani nitapumua, wapi! Juzi nimemfungashia nguo zake, nikamwambia aende kwa mama yake. Ameondoka bila neno. Ndicho kinachoniua.

Dada yako

Machi 21

Dada,

Shikamoo. Unaendeleaje? Mimi silali wala sili.

Shemeji hana mwanamke. Shemeji hata damu hakutoa. Sindano akiiona tu anaishiwa nguvu, unamjua. Aliyetoa damu alipewa mapumziko siku mbili, na shemeji alizitaka akuuguze, ulikuwa na homa. Nikaingia mimi kwa kadi yake ya kazi. Damu ile ni yangu.

Bahasha ilipofika alinipigia, akasema, "Mwambie dada yako mwenyewe, mimi sitakusemea." Nikaogopa. Harusi yangu ni Mei, nikajua utamwambia mchumba wangu. Nimekaa nikitazama ndoa yako ikivunjika. Nisamehe, dada.

Mdogo wako

Machi 27

Mdogo wangu,

Marahaba. Matusi nakuwekea, utayapata uso kwa uso. Mchumba wako mwambie wewe, leo hii, naye apimwe. Nikifika mimi sitambembeleza mtu.

Nilikwenda kwa mama mkwe. Nilimkuta shemeji yako anapiga pasi shati la kazi. Nikaomba radhi mpaka sauti ikakauka, nikampa barua yako. Akaisoma, akaikunja.

"Ameshachomwa sindano ya dawa?"

Nikasema sijui.

"Kamuulize kwanza. Ya kwetu yatangoja."

Basi nakuuliza. Umeshachomwa?

Dada yako