Zamu ya Duarte Kwenda India

Jumatatu, 20 Machi 1508

Imeamuliwa. Mdogo wangu Duarte anaondoka na merikebu za Jumapili. Mama ameshaongea na nahodha, binamu yake. Mimi ni mkubwa, kwa hiyo shamba la Alenquer lote ni langu – mizabibu, mizeituni, hata kuku. Ndivyo ilivyo kwetu: mkubwa huchukua chote, mdogo achague kanisa au bahari. Kanisa lilishamkataa, Kilatini kilimshinda. Basi bahari!

Nimemwonea wivu mpaka supu yangu ya dengu nikamwachia mbwa.

Jumatano, 22 Machi

Tuko Lisbon. Bandari nzima inanuka lami na mikate mikavu ya safari. Kwenye kilabu cha divai nimekutana na Bastião, baharia aliyewahi kufanya kazi kwa marehemu baba. Anakwenda mara ya tatu. Meno hana hata moja, yalimwozea kinywani safari ya kwanza.

Nikamuuliza wanafuata nini huko. Pilipili manga?

"Pilipili ya mfalme hiyo, bwana. Mimi naionja kwa pua tu." Akacheka, ufizi mtupu. "Padri atakwambia tunafuata roho za watu. Nahodha atakwambia heshima. Mimi nikiwa nyumbani naijua kesho yangu yote, mpaka mke wangu atakavyonigombeza. Kule siijui."

Nilitaka kumkumbatia. Watu wa namna gani hawa! Mbao chache zilizopakwa lami, na wanakwenda mahali ambapo baba zao waliambiwa bahari inachemka.

Alisimulia pia mji mmoja wa pwani ya huko: nyumba za mawe meupe, nzuri kuliko zetu, na wenyewe wasafi, wamevaa hariri. Safari iliyopita waliuchoma moto. Nikauliza, kwa nini? Akaagiza divai nyingine.

Ijumaa, 24 Machi

Mama amemaliza kudarizi joho la Padri Yohana, yule mfalme Mkristo anayetawala ng'ambo ya nchi zote za Waislamu. Hakuna aliyemwona, lakini hakuna anayemtilia shaka. Duarte ndiye wa kumpelekea. Joho limepimwa mwilini mwa Duarte.

Nikasema, "Mama, na kama mfalme ni mnene?"

"Mtu anayefunga Kwaresima atanenepea wapi? Nyamaza, Lopo, unanikosesha mishono."

Tukacheka wote. Kisha Duarte akalivua joho haraka, kama linamuunguza.

Jumamosi, 25 Machi

Duarte kaniambia.

"Kaka, mimi siwezi. Nikitazama maji yasiyo na ng'ambo, nageuka kurudi nyumbani. Niache nipogoe mizabibu."

Na kweli anaijua, mmoja mmoja. Mimi huiharibu kila mwaka.

"Anayetaka kwenda ni wewe," akasema. "Unadhani sioni? Tangu Jumatano umeganda pale bandarini kama mtu mwenye njaa mlangoni pa jirani."

Nikamfokea. Nikamwambia mrithi haendi popote, maana akifa, shamba linakwenda kwa nani?

Akanitazama. "Kwangu," akasema, polepole.

Nina hasira naye. Nina hasira kwa sababu hakukosea.

Jumapili, 26 Machi

Naandika ndani ya mashua inayotupeleka merikebuni. Herufi zinaruka.

Asubuhi kitanda cha Duarte kilikuwa kitupu. Viatu vyake navyo havipo. Kanzu yake nyeupe imeachwa kitini. Wasafiri wote hutoka kanisani na kanzu hizo hadi majini, miguu mitupu, mshumaa mkononi, kofia ya kanzu imefunika uso. Padri huwaondolea dhambi zote kabisa, maana wengi hawarudi. Mama alikuwa ameshatangulia ufukweni na ndugu wote. Nikaivaa. Ni kumwepushia aibu tu, nikajiambia, nitajitenga nao kabla ya mashua.

Lakini hiki kitabu nilikiweka kifuani, chini ya kanzu. Mtu anayerudi mara moja anabeba kitabu cha nini?

Changarawe zilinikata nyayo. Watu walilia pande zote mbili, na wanaume hawa wakapita katikati yao wakiimba. Sijawahi kupenda watu nisiowajua namna ile.

Karani akaita majina. "Duarte Botelho." Akarudia, "Duarte Botelho!"

Mtu akasema, nipo. Ilikuwa sauti yangu.

Bastião kanitambua. Kanisogezea nafasi ubaoni.

Mama anapunga kitambaa. Anampungia Duarte. Na Duarte mwenyewe huyo hapo nyuma yake, viatu miguuni! Ananiona wazi kabisa. Angeweza kupiga kelele, mashua irudi. Hapigi.

Makasia yameanza. Maji hapa ni ya kiunoni, naweza kuruka nikatembea hadi nchi kavu. Nimalize kwanza mstari huu.

Sasa ni ya kifuani.